Je, wajua kwa nini Genesis of the Daleks bado inasifiwa licha ya kasoro zake?

Mwaka 1975 BBC ya Uingereza ilirusha kisa cha Doctor Who, tamthilia yake ya sayansi ya kubuni, chenye sehemu sita, Genesis of the Daleks. Bajeti ilikuwa finyu, na inaonekana wazi. Hata hivyo, mashabiki wakianza kutaja visa bora vya tamthilia hiyo, hiki hakikosi. Kwa nini?

Kwanza tuelewane kuhusu kisa chenyewe. Daktari ni msafiri wa wakati, na hapa anaigizwa na Tom Baker. Maadui wake wakubwa ni Wadalek, viumbe wenye chuki wanaoishi ndani ya magamba ya chuma. Walionekana mara ya kwanza mwaka 1963. Aliyewabuni, Terry Nation, ambaye pia ndiye mwandishi wa kisa hiki, alizaliwa Cardiff mwaka 1930, akakulia katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na Unazi umejaa tele ndani yao. Safari hii Daktari anatumwa kwenye sayari ya Skaro, enzi ya asili yao, ili azuie wasizaliwe kabisa.

Nguvu ya kisa inaanza dakika za mwanzo tu. Ukungu umetanda, askari waliovaa barakoa za gesi wanamiminiwa risasi. Baadaye kidogo Daktari anamkagua askari aliyekufa: nguo zake ni za nyuzi za kiwandani zilizochanganywa na ngozi za wanyama. Hakuna anayesimama kutoa hotuba, lakini mtazamaji anaelewa kwamba Wakaled na Wathal, watu wa pande mbili za Skaro, wamepigana muda mrefu hadi viwanda vyao vimekwisha. Huo ndio uandishi ninaoupenda.

Kisha anaingia Davros, mwanasayansi wa Wakaled anayewaunda Wadalek. Michael Wisher alimwigiza akiwa amefunikwa uso mzima kwa kinyago, ameketi kwenye kiti cha mashine, mkono mmoja tu ukifanya kazi. Alibakiwa na sauti na vidole. Daktari anamuuliza: ungekuwa na kirusi kinachoweza kuua viumbe wengine wote, ungekitumia? Davros anainua mkono, anabana vidole viwili kana kwamba ameshika kichupa, na sauti inapanda polepole kutoka udadisi wa msomi hadi kiu ya kuwa mungu. Hapo hakuna mlipuko wala mashine ya kifahari, na bado inatisha kuliko vita vyote vilivyotangulia.

Kasoro nazo zipo, tena za wazi. Sehemu sita ni nyingi kwa kisa hiki, kwa hiyo wahusika wanakamatwa, wanatoroka, wanakamatwa tena. Sarah Jane, mmoja wa wasafiri wawili walioandamana na Daktari, anaanguka kutoka kwenye mnara wa roketi mwishoni mwa sehemu ya pili, watazamaji wanaachwa roho juu wiki nzima, kumbe ameangukia jukwaa lililo chini yake kidogo tu. Harry, yule mwenzake wa pili, naye anang'atwa mguu na chaza mkubwa pangoni; chaza huyo hamtishi hata mtoto, na angeondolewa kisa kisingepungukiwa na kitu. Miji miwili inayopigana iko karibu mno, watu wanakwenda na kurudi kwa miguu.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi imo ndani ya tukio linalosifiwa kuliko yote. Daktari ameshika nyaya mbili. Akizigusanisha, Wadalek wachanga wote watateketea. Anasita: je, ana haki ya kufuta kizazi kizima? Anakumbuka kwamba mataifa yaliyokuwa maadui yataungana kwa sababu ya kuwaogopa Wadalek. Swali zito kama hilo kipindi cha jioni cha familia hakikulazimika kuliuliza, na kuliuliza ni ujasiri mkubwa. Jibu ndilo linalokosekana. Mtu anamkatiza kwa habari kwamba Davros amekubali masharti ya Wakaled wanaompinga, naye Daktari anazitupa nyaya kwa furaha. Anaporudi baadaye kumaliza kazi, Dalek anapita juu ya nyaya na kuzigusanisha yeye mwenyewe. Mlipuko unatokea bila Daktari kuamua.

Wapo wanaosema swali kama hilo ni heri libaki wazi. Mimi sikubaliani nao kabisa: kuliacha wazi ni jambo moja, kumwondolea mhusika mzigo kwa bahati ni jingine. Nation aliufungua mlango kwa mkono imara, kisha akamwacha Daktari apitie dirishani.