Kabla hujafunga bloku ya 62

Wiki haipiti bila chalii kuegesha pikipiki mbele ya gereji yangu hapa Unga Limited na kuniambia, "Fundi, toa hii bloku ya mia na ishirini na tano, nifungie ya mia na hamsini. Kilima cha Ilboru haipandi." Bloku ndiyo nyumba ambamo pistoni inapanda na kushuka, na namba hizo ni cc, ukubwa wa injini. Sikatai. Namwomba tu tufungue plagi kwanza.

Mara nyingi plagi inatoka nyeusi tii, na masizi makavu yanabaki kidoleni. Hapo injini si ndogo, inashiba wese na kukosa hewa. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga. Nguvu zinazopotea kwa sababu hiyo huwezi kuzidai kwa mtu. Shida ni kwamba kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya pwani inaendelea kumwaga petroli kama vile bado inaiona bahari.

Wa juzi nilimtolea jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ya 105 nikaweka ndogo ya 100. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, zilikuwa zimekaza, nikaziseti kwa fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi. Hizi injini za aina ya CG, muundo wa Honda, nyingi zinataka 0.08 mm injini ikiwa imepoa. Kisha nikatoa sproketi ya mbele ya meno 15, nikaweka ya 14. Jino hilo moja linaongeza msukumo kwenye tairi kwa asilimia 7, na kasi ya mwisho inashuka karibu kwa kiasi hichohicho. Mtu anayebeba abiria kutoka Sakina kupanda juu, kasi ya mwisho ataitumia wapi? Alipanda, akarudi, akalipa. Sijamwona tena, na kwa fundi hiyo ni habari njema.

(Wewe uliyetoa chujio la hewa ili pikipiki ingurume: vumbi la Kwa Mrombo linasaga ringi zako kama msasa. Tutaonana.)

Sasa bloku yenyewe. Kuchonga silinda na kufunga bloku kubwa ni kazi mbili tofauti. CG 125 ina pistoni ya upana wa 56.5 mm na mwendo wa kupanda na kushuka wa 49.5 mm, yaani cc 124. Ukichonga hatua kwa hatua, 0.25, 0.50, hadi milimita nzima, unafika cc 128 na nusu. Abiria hatazihisi hizo. Kuchonga ni kutibu ukuta uliolika. Nguvu inakuja na bloku ya 62, yaani ya pistoni ya 62 mm, inayokupa cc 149 kwa mwendo uleule wa pistoni.

Lakini hedi, kifuniko cha juu ya silinda, ni ileile. Tuseme kompresheni, kiasi hewa inavyobanwa, ilikuwa 9 kwa 1: nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni cc 15 na nusu. Ukisukuma cc 149 kwenye kibanda kilekile, kompresheni inafika 10.6, na petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake.

Mwaka juzi nilimfungia mtu bloku hiyo bila kupiga hesabu. Hapa mjini ilikuwa moto wa kuotea mbali, maana hewa nyepesi inaficha makosa ya fundi. Akashuka nayo Tanga na mzigo. Kufika Boma Ng'ombe, kwenye barabara ya Moshi, kila akivuta mafuta anasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Akaendelea. Huko chini hewa ni nzito, joto ndilo hilo, na jeti ni ileile ndogo niliyomwekea kwa ajili ya Arusha, kwa hiyo sasa wese ndilo lililopungua. Pistoni nililetewa kwenye mfuko wa rambo: tundu linaloingia kidole, upande wa valvu ya ekzosi, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Nilinunua nyingine kwa hela yangu.

Siku hizi naweka gasketi ya chini iliyoongezwa unene wa nusu milimita. Inaongeza cc 1.5 hivi juu ya pistoni, na kompresheni inarudi 9.8. Bloku ikiinuka, fimbo za tapeti zinabaki fupi, kwa hiyo lazima useti upya. Mdomo wa kesi ya injini, pale bloku inapokaa, nao wakati mwingine unatakiwa kupanuliwa ili silivu, bomba la ndani la bloku, ya 62 iingie. Kazi hiyo mpelekee mtu wa mashine ya lezi, usishike tupa. Klachi iliyochoka ibadilishe siku hiyohiyo.

Na jeti kubwa ya zamani siitupi. Naifunga kwenye kipande cha nailoni, naibana kwa waya chini ya siti, na namwonyesha mwenyewe ilipo. Akivuka Boma Ng'ombe kuelekea chini, asimame aiweke. Bisibisi anayo.