Nyumba Ilikuwa Imejaa: Amani ya Krismasi Katikati ya Pilikapilika

Kila Desemba waumini hunijia na ombi linalofanana: "Mchungaji, niombee nipate utulivu, Krismasi hii inanimaliza." Wanaolileta si watu waliomsahau Mungu. Ni wale wanaofanya mazoezi ya kwaya hadi usiku, wanaopokea wageni, wanaohesabu fedha mara tatu na kuona bado hazitoshi. Wanaamini amani imekaa mahali inawasubiri, shughuli zikiisha wataikuta. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kufundisha Luka 2 kutoka Kigiriki na kulazimika kusoma neno kwa neno.

Tazama mstari wa 7. Tumezoea kusoma kwamba hawakupata nafasi "katika nyumba ya wageni", tukajichorea mwenye nyumba mkali anayefunga mlango. Mwenye nyumba huyo hayumo katika Luka. Neno lililomo ni kataluma, yaani chumba cha wageni, na ndilo analolitumia tena katika 22:11, Yesu anapoulizia chumba cha kulia Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Akitaka kutaja nyumba ya kulipia, kama ile ambayo Msamaria alimpeleka mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, Luka ana neno jingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu wengi, nami niko upande wao, wanaona hapa nyumba ya kawaida, pengine ya jamaa zake Yusufu, ambayo chumba chake cha wageni kilikuwa kimeshajaa. Katika nyumba nyingi za wakati ule mifugo iliingizwa ndani usiku, kwa hiyo hori lilikuwa humohumo, karibu na watu.

Soma sasa habari ile upya. Kaisari ameamuru watu waandikwe, njia zina wasafiri, nyumba imefurika, mama yuko katika uchungu. Wala hakuna aliyewatoa watu nje kwanza ili Kristo apate kuzaliwa mahali tulivu. Wakamlaza katika chombo cha kazi, ambacho wanyama wangekihitaji tena. Nafasi ilipatikana ndani ya nyumba iliyojaa.

Amani yenyewe nayo ilitangazwa kwa watu walio kazini. Luka anamtaja Kaisari Augusto katika mstari wa kwanza, na nadhani hakumtaja bure. Mwaka 9 kabla ya Kristo, mjini Roma, iliwekwa wakfu madhabahu ya kusifu amani ya mtawala huyo, amani iliyoletwa na kulindwa na majeshi. Malaika hawakwenda Roma. Waliwaendea wachungaji waliokuwa zamu usiku, wakaimba "amani kwa watu aliowaridhia". Kwa Waebrania amani ni shalom, neno lililo ndugu wa salama na salamu zetu. Maana yake ni uzima usiopungukiwa, mambo kukaa sawa kati ya mtu na Mungu wake na jirani yake. Amani ya namna hiyo inaweza kukaa jikoni penye kelele. Inaweza pia kukosekana katika chumba kimya kabisa, na wanaoipitia Krismasi ya kwanza baada ya msiba wanalijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo siku hizi anayeniomba ushauri simwambii apunguze kila kitu. Namuuliza: katika haya unayofanya, ni lipi linalompa mtu nafasi? Kumpikia mgeni kunampa mtu nafasi. Kumpigia simu ndugu mliyekosana, hata zaidi. Kutafuta mapambo yanayozidi ya mwaka jana, mara nyingi sivyo, na hapo ndipo pa kukata bila kuona haya. Mama mmoja aliniambia alipojiuliza swali hilo aliona kwamba uchovu wake mwingi ulitokana na hofu ya kusemwa, wala si wingi wa wageni. Tuliomba kuhusu hofu ile, na wageni wakaja vilevile.

Kalenda ya kanisa nayo ni rafiki. Majilio ni Jumapili nne za kungoja, na Krismasi inaanza tarehe 25, haiishii hapo. Katika makanisa mengi inaendelea siku kumi na mbili, hadi kuamkia Epifania, sikukuu ya kufunuliwa kwa Kristo, tarehe 6 Januari. Kutembeleana, kushukuru, hata baadhi ya zawadi, vinaweza kuangukia tarehe 29 na bado ikawa Krismasi kamili.

Halafu yuko Mariamu, ambaye Luka anasema aliyaweka maneno yale na kuyafikiri moyoni. Kitenzi cha Kigiriki kinabeba picha ya kuweka vitu pamoja, hiki kando ya kile, mpaka vianze kueleweka. Alifanya hivyo wachungaji wakiwa wamemjia usiku, bila taarifa. Mimi najaribu kumfuata tarehe 24, kabla ya ibada ya jioni. Naketi peke yangu dakika kumi, naisoma Luka 2:1-20 kwa sauti, bila kalamu na bila kutafuta hubiri. Kwaya inapasha sauti upande wa pili wa ukuta, mtu anabisha mlango akiulizia mishumaa. Nampa mishumaa, kisha narudi kwenye mstari nilioachia.