Viti vitupu Westminster havimaanishi mbunge anaongea na kuta

Picha hii husambaa kila mara: mbunge wa Uingereza amesimama akieleza shida za wananchi wa jimbo lake, na nyuma yake viti ni vitupu. Watu huhitimisha kwamba wenzake ni wavivu na kwamba hotuba yake ni bure.

Hapana. Kikao cha siku kwa kawaida hufungwa kwa mjadala wa nusu saa ambao ni wa mbunge mmoja. Analeta jambo lake, mara nyingi la jimboni, na waziri anapaswa kumjibu. Hakuna kura inayopigwa, kwa hiyo wabunge wa majimbo mengine hawana lazima ya kuwapo. Kila neno huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na jibu la waziri hubaki pale, anaweza kuulizwa tena.

Ipo pia mijadala ya ukumbi wa pembeni, Westminster Hall. Humo, Desemba 2014, mbunge James Arbuthnot alizungumzia wasimamizi wa posta waliosingiziwa wizi kwa sababu ya kasoro za Horizon, mfumo wa kompyuta wa hesabu za posta; mmoja alikuwa mpiga kura wake. Uchungu ni kwamba haki ilichelewa mno: sheria ya kufuta hukumu zao kwa pamoja ilipitishwa Mei 2024. Lakini wabunge wachache kama yeye ndio walioizuia kesi hiyo isizikwe.