Mke njo wa kwanza kushukiwa: avoka wa Lubumbashi juu ya mmisionari aliyeuawa Angola

Ile siku habari ya yule mmisionari Mmarekani aliyeuawa Angola ilipotufikia hapa Lubumbashi nilikuwa mu taksi natoka Katuba kwenda ville, redio inaongea, na mama mmoja aliyekaa mbele hakungoja hata habari iishe, akageuka akatuambia: "Bibi yake njo alimumaliza, miye nilijua tu." Watu wanne mu taksi wakakubali. Mpaka tunafika ku Poste kesi ilikuwa imeshaisha, hukumu imetoka, kilichobaki ni kulipa pesa ya taksi na kushuka.

Alijua nini yule mama? Kilichokuwa kimesemwa ni kidogo sana. Mwezi wa 10 mwaka 2024 mmisionari mmoja kutoka Marekani, aliyekuwa anaishi na familia yake kusini mwa Angola, aliuawa karibu na mji wa Lubango, mkoa wa Huíla. Siku chache baadaye polisi ya Angola ikamkamata mke wake pamoja na wanaume wa kule kule, ikisema yeye alikuwa na mkono ndani. Basi. Majina siandiki, na zile sababu za ndani ya nyumba ambazo zilitangazwa pia sizirudilii hapa, wana watoto wale na watoto wanasoma.

Miye ni avoka (wakili), kesi zangu nyingi ni za jinai, na kesi ya mke au mume anayeshitakiwa kumuua mwenzake nimezishika kadhaa. Tangu ile siku watu wananiuliza, kanisani, mu familia, hata fundi anayenitengenezea viatu, kwa hiyo nimeona heri niandike mara moja.

Na naelewa kwa nini imetugusa hivi. Waprotestanti wengi wa Katanga imani yao ilipita hiyo hiyo barabara ya Angola: Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886 akitokea upande wa Benguela, na wale wa kanisa la Garenganze wanaosali leo mu Lubumbashi ni matunda ya hiyo safari. Mmisionari akiuawa Angola, kwetu kuna bamama wanalia kama wamefiwa na ndugu.

Swali la kwanza ni: juu ya nini asipelekwe kwao Marekani akahukumiwe na watu wake? Sababu kwa sheria ya jinai ardhi njo inaamua. Umefanya kosa Angola, zuzi (hakimu) wa Angola njo wako, uwe Mmarekani, Mukongo au Mchina. Sisi pia code pénal (sheria ya makosa ya jinai) yetu ya mwaka 1940 inaanzia hapo hapo. Marekani wao wana sheria ya mwaka 1994 inayowaruhusu kumfuata raia wao aliyemuua raia mwenzake nje ya inchi, ila wameifunga kwa makufuli mengi: lazima mkuu wa sheria wa inchi nzima akubali, lazima mshukiwa awe ameshatoka ile inchi na ile inchi haina njia ya kumrudisha, na kama kule alishashitakiwa kwa kosa lile lile, hawamshitaki tena. Kwa hiyo mtu akiwa ameshikwa palepale pa tukio, mlango wa Amerika unabaki umefungwa.

La pili, na hili linaniumiza sikio kila nikilisikia: "batamunyonga." Hapana. Katiba ya Angola ya mwaka 2010, kifungu cha 59, inakataza adhabu ya kifo, na kifungu cha 66 kinakataza hata kifungo cha maisha. Wanaohesabu kamba wanahesabu kamba ya kwetu, sababu ni hapa Kongo kuua kwa kupanga mbele kunaandikiwa kifo, code pénal kifungu cha 45, na kuua kwa kukusudia bila kupanga ni kifungo cha maisha, kifungu cha 44. Kwa miaka 20 na zaidi, tangu 2003, hatukumuua mfungwa yeyote kwa hukumu, halafu mwezi wa 3 mwaka 2024 serikali ikatoa barua ya kuondoa lile zuio la kutekeleza hukumu za kifo. Mimi ile barua ninaipinga na nitaendelea kuipinga, na kesi za mke na mume njo sababu yangu kubwa, kwa vile mu hizo kesi njo nimeona makosa mengi ya uchunguzi.

Halafu hili la "yeye hakushika kisu, atatoka." Hawezi kutoka kwa hilo peke yake. Kwa code pénal yetu, kifungu cha 21, anayempa mtu pesa au ahadi ili aue anahesabiwa muuaji kamili sawasawa na aliyepiga. Anayesaidia pembeni, kwa mfano kuacha mlango wazi huku anajua, huyo ni msaidizi, na kama kosa lenyewe ni la kifo au la maisha yeye anapewa miaka 10 mpaka 20. Ndiyo maana prokirere (mwendesha mashitaka) akishika kesi ya namna hii hatafuti damu kwenye nguo ya mke, anatafuta simu na pesa: nani alimuita nani, saa ngapi, pesa ilitoka wapi ikaenda wapi. Kama hivyo vipo, hakuna haja ya machozi wala ya jirani aliyewasikia wakigombana. Kama havipo, jirani mia moja hawatoshi.

Sasa, kumshuku wa nyumbani si ujinga, nisidanganye. Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu ya mwaka 2023: wanawake na wasichana kama 51,100 waliuawa na mume, mpenzi au ndugu, hiyo ni 60 kwa kila 100 ya wanawake wote waliouawa kwa kukusudia. Kwa wanaume waliouawa, waliomalizwa na wa nyumbani ni kama 12 kwa 100. Mchunguzi yeyote mwenye akili ataanza na nyumba. Ugumu ni kwamba wengi wakianzia hapo hawatoki tena.

Mnakumbuka ile ya Kisangani? Wanorwe wawili walihukumiwa kifo juu ya dereva wao aliyeuawa mwaka 2009. Mwezi wa 8 mwaka 2013 mmoja wao akakutwa amekufa mu chumba cha gereza walichokuwa wanalala wote wawili. Polisi waliotoka Norwe wakaangalia wakasema alijiua. Korti ya kijeshi ikasema hapana, mwenzake alimuua, ikampa maisha mwaka 2014. Alirudi kwao mwaka 2017. Mimi sikuwa avoka wa upande wowote, ila nilifuata kila kikao na kilichonibaki ni hiki: uzito wote ulikuwa juu ya swali moja, nani mwingine alikuwa ndani? Mke anakutana na swali hilo hilo. Yeye alikuwa ndani, alikuwa ndani kwa miaka yote.

Nielezee kesi moja ya kwangu, bila majina.

Mama wa komine ya Kenya hapa Lubumbashi, miaka hamsini na kitu. Mume wake alianguka usiku mu chumba cha kuogea, asubuhi hayuko tena. Siku ya pili ya matanga ndugu za marehemu wakamtoa katikati ya bamama waliokaa naye chini, wakampeleka ku polisi, eti alimwekea sumu. Ushahidi wao: asubuhi ile alifua mashuka. Na kweli alifua. Maiti ilikuwa inarudi nyumbani, watu wangejaa mpaka chumbani, mwanamke gani wa hapa atapokea kilio na mashuka machafu? Hilo la mashuka lilianguka lenyewe. Kilichotaka kumzika ni sentensi moja aliyoisema mbele ya OPJ (polisi wa uchunguzi), analia, nimeikariri mpaka leo: "Miye njo nilimuua, njo miye, kama nilimupeleka ku lopitalo ile mangaribi pale aliniambia kichwa inamuuma, angekuwa muzima."

Yeyote aliyekaa kwenye kilio cha kwetu amesikia mjane analia vile. Mama mzazi pia analia vile, hata kama mtoto amekufa na malaria. Ila PV (karatasi ya mahojiano) inaandikwa kwa Kifaransa, hata kama mahojiano yote yalikuwa Kiswahili kuanzia "jambo mama" mpaka mwisho, na yule mwandishi aliandika: nimemuua mume wangu. Nukta. Lopitalo haikuingia, kichwa haikuingia, "kama" haikuingia. Akamsukumia karatasi na wino, mama akaweka kidole. Hakuna aliyemsomea.

Katiba yetu, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe sababu na mashitaka kwa lugha anayoisikia, aruhusiwe kuongea na familia au avoka hapo hapo, na asishikwe ku polisi kupita masaa 48. Yeye alikaa siku nne. Halafu parke (ofisi ya prokirere) ikachukua mandá yake (hati ya kukamata), siku tano za kumfikisha kwa zuzi, zuzi akatoa siku 15, kisha mwezi. Hizo ni hatua za kawaida za sheria, ila kwa mtu aliye ndani ni wiki nyingi za kulala chini huku mume wake anazikwa bila yeye.

Pale tulipofika mbele ya zuzi kwa kurefusha, niliomba kitu kimoja tu, arudilie ile sentensi kwa Kiswahili, yote. Zuzi alikuwa mtoto wa Likasi. Alimwacha aseme mpaka mwisho, hakumkatiza, halafu akaweka kalamu chini akamuuliza, "Mama, lopitalo gani?" Akaitaja. Umbali akautaja. Bei ya taksi ya usiku akaitaja, na pesa iliyokuwa mu nyumba ile jioni, ambayo haikufika hata nusu ya ile bei. Ripoti ya daktari ilipokuja ikasema mshipa ulipasuka kichwani, sumu hakuna. Akaachiliwa.

Akakuta kufuli imebadilishwa, frigo na makochi vimeondoka. Shemeji akaniambia usoni, "Maître, muuaji hariti." Kweli, Code de la famille (sheria ya familia) inamtoa mu urithi aliyemuua marehemu. Ila inasema aliyehukumiwa, haikusema aliyekamatwa wala aliyetajwa kwenye kilio. Ilituchukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe kumrudisha mu nyumba yake, na frigo haikurudi.

Kwa hiyo nikisikia mwanamke ameshikwa mu inchi ya watu, anahojiwa kwa Kireno kupitia mkalimani, mimi siulizi kwanza kama alifanya. Nauliza nani alitafsiri, na kama alisomewa alichotia saini. Huenda alifanya, huenda hakufanya, kwa hilo kuna mahakama, na katiba ya Angola kifungu cha 67 inasema kama ya kwetu kifungu cha 17: hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Na wengi wananiuliza ubalozi unafanyaga nini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, kifungu cha 36, unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Ubalozi unaweza kumtembelea, kumtafutia avoka, kufuata kesi. Kumtoa hauwezi. Msidhani ni karatasi tu: inchi yetu yenyewe ilishindwa juu ya hicho kifungu. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Gine aliyeishi Kongo miaka mingi, alifungwa halafu akafukuzwa mwaka 1996 bila kuambiwa hiyo haki, Gine ikaipeleka Kongo ku korti ya dunia kule La Haye, mwaka 2010 tukahukumiwa kwamba tulivunja, na mwaka 2012 tukaambiwa tulipe dola 95,000.

Wengi wenu muko na ndugu Angola, Zambia, wengine Afrika Kusini. Waambieni hivi, na waambieni kabla hawajasafiri. Ukikamatwa, la kwanza omba ubalozi wako ujulishwe, la pili omba avoka, la tatu usitie saini wala kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha uliyoinyonya, hata wakikuambia ni ya kukuachilia. Ukilazimishwa, andika pembeni ya saini, kwa Kiswahili chako: sikusomewa. Na namba ya ubalozi na ya ndugu mmoja iandike kwenye karatasi, uifunge mu kitambaa au mu Biblia, usiiache mu simu, sababu simu njo kitu cha kwanza wanachukua.