Sikuacha Unesi Nilipoingia kwenye Kompyuta

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani hapa Donholm, mama mmoja jirani yangu alinishika mkono. Binti yake amemaliza uuguzi katika chuo cha afya cha KMTC, amepata leseni, na sasa anataka kusomea mifumo ya taarifa za afya. "Sista," akaniambia, "hebu niongeleshee huyu mtoto. Nimelipa karo miaka mitatu awe nesi, leo anataka kuwa mtu wa kompyuta. Wewe uliacha unesi, sawa, lakini angalau ulikuwa umeshafanya kazi."

Uliacha unesi. Neno hilo nimeambiwa na shangazi zangu, nimeambiwa na niliosoma nao, na hata na daktari mmoja tuliyefanya naye zamu za usiku miaka mitatu. Siku zote nimelimeza. Safari hii limewekwa mbele ya msichana anayeanza kazi, na sikubali limzuie.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa leba na wadi ya watoto wachanga miaka 11, na leseni yangu naihuisha kwa Baraza la Wauguzi kama mwenzangu yeyote aliye wadini. Siku hizi kazi yangu ni kukaa kati ya wauguzi na vijana wanaoandika programu, ili kinachoonekana kwenye tableti kifanane na kinachotokea kando ya kitanda. Hiyo ni kazi ya unesi.

Nimalizane upesi na hofu nyingine inayoandamana na hii, kwamba mashine zitatunyang'anya kazi. Mashine haimgeuzi mgonjwa ubavu asipate vidonda. Haikai na mama wa miaka 17 saa tisa usiku mpaka mtoto akamate titi. Tuendelee.

Na kwa wanaodhani takwimu hazimhusu nesi: Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliporudi kutoka vita vya Crimea, alichapisha mwaka 1858 mchoro wa duara ulioonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa yanayozuilika, si majeraha. Akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, tunawasha mishumaa kukumbuka taa aliyozungukia wagonjwa usiku. Kalamu yake tumeisahau.

Tuje nyumbani. Kati ya 2007 na 2009, kliniki ya Pumwani na hospitali ya Coptic hapa Nairobi, pamoja na kliniki moja ya Kajiado, zilifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Watu walioanza ARV, dawa za VVU, walitumiwa kila juma ujumbe mfupi wenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida." Simu za kawaida zilitosha. Walioshiriki, pamoja na wale wasiotumiwa ujumbe, walikuwa 538. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: kati ya waliotumiwa ujumbe, 57% walikuwa wamefubaza virusi, na kati ya wasiotumiwa, 48%.

Watu wakisikia hivyo husema ujumbe mfupi unatibu. Hapana, jamani. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Kimya kingi kina mshindo, na kazi yote imo katika kukisoma hicho kimya. Huenda simu imechukuliwa na mume. Huenda mama amehamia kwa dada yake Kayole na dawa zimebaki kwa mama mkwe ambaye hajui lolote. Anayepiga lazima ajue kuuliza bila kufichua, kwa sababu sauti inayopokea huenda si ya mgonjwa, na neno moja lililopotoka linaweza kuvunja nyumba. Ustadi huo haumo kwenye simu. Unatoka kliniki, kwa mtu aliyekaa ana kwa ana na wagonjwa mamia.

Leo hapa jijini wako wauguzi ambao zamu yao nzima ni kujibu wajawazito kwa ujumbe na simu. Wanaowaita wapokea simu wajaribu kutofautisha, kwa sauti peke yake, kichwa kinachouma kwa kukosa usingizi na kichwa kinachouma huku macho yakiona vimulimuli katika mimba ya wiki 34, ambayo ni dalili ya presha ya hatari. Nami niseme wazi: sauti haipimi presha. Nimewahi kumwambia mama apumzike, kisha nikakesha nikijiuliza kama nilisikia vizuri. Kanuni niliyobaki nayo ni kwamba nikiwa na shaka, mama aje kituoni, hata kama ni safari ya tatu juma hilo na nauli ya matatu imempotea bure.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. Wanaosema nimeacha unesi hudhani nashinda nikiingiza namba. Kutwa nzima mimi huuliza jambo moja: kisanduku kikiwa kitupu, maana yake nini?

Nilikuwa katika kituo kimoja ambako wadi ya watoto wachanga ilikuwa imeletewa tableti. Kwenye chati palikuwa na kisanduku cha pumzi kwa dakika, na waliotengeneza mfumo walikuwa wamekifanya cha lazima. Usipokijaza, ukurasa unakataa kuhifadhi chochote, hata joto la mwili na kiasi cha maziwa ulichokwisha kuandika. Nilipopitia chati za mwezi mmoja nilikuta usiku umejaa 40. Arobaini, arobaini, arobaini na mbili, arobaini. Watoto mbalimbali, wauguzi mbalimbali, tarehe mbalimbali, na wote eti wanapumua sawasawa.

Mkunga yeyote akiona hivyo anashtuka. Mtoto mchanga mwenye afya hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, na hapumui kwa mpangilio. Anakwenda mbio, anatulia, anasimama kidogo, anaanza tena. Ndiyo maana tunahesabu dakika nzima, na anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne anajidanganya. Sasa piga hesabu ya zamu ile: watoto 28, wauguzi wawili, vipimo kila baada ya saa tatu. Kuhesabu pumzi peke yake ni dakika 14 kwa kila muuguzi katika kila mzunguko, kabla hajashika kipimajoto, hajalisha kwa mpira, hajazibua dripu. Na mtoto mmoja akiacha kupumua, ukawa umemwinamia na ambu, ule mfuko wa kumsukumia hewa, mzunguko huo umekufa.

Mkuu wa kitengo cha teknolojia aliniambia wauguzi wale ni wavivu na waongo. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Mfumo uliwapa njia mbili tu: wapoteze kila walichopima, au waandike 40. Wakaokoa walichopima. Katika zamu ile, na mimi ningeandika 40.

Fikiria karatasi ilivyokuwa. Usiku ukizidiwa uliacha nafasi wazi. Wa asubuhi akija kupokea zamu aliiona ile nafasi, akaanza na mtoto huyo. Utupu ulikuwa unasema, "hapa hatukufika." Tableti iliuziba mdomo, ikaweka mahali pake namba ya mtoto mzima wa afya. Kitupu, sifuri na uongo ni vitu vitatu tofauti, na kwenye ripoti ya mwezi vyote vinaweza kuonekana safi.

Tulichofanya ni kidogo. Tuliongeza chaguo la "haikupimwa" na sababu zake: zamu imeelemewa, mtoto anahudumiwa dharura, kifaa hakipo. Uongozi ulipinga, ukisema tunahalalisha uzembe. Tukaomba tujaribu. Wiki chache baadaye zile 40 zilikuwa zimepungua, na "zamu imeelemewa" zimerundikana kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku. Kwa mara ya kwanza msimamizi wa wadi alikuwa na karatasi ya kuweka mezani alipoomba muuguzi wa tatu wa usiku. Kijana aliyeandika programu ni hodari, alibadilisha kisanduku kile kwa nusu siku. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Na nani angemwambia, kama wote waliowahi kusimama pale saa nane usiku wanaambiwa kompyuta si kazi yao?

Kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, sina uhakika kiasi hicho. Toleo la kwanza la kielektroniki nililoletewa lilionyesha jedwali la kufunguka kwa mlango wa uzazi: sentimita 4, 5, 5, 5. Nilipigania mchoro urudi, kwa sababu kwenye karatasi ukipita tu unaona mstari umelala, na uchungu uliokwama unaujua kwa jicho kabla hujasoma namba. Tukaurudisha. Kisha mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa leba, hatua kamili ya uchungu ikaanzia sentimita 5 badala ya 4, na ule mstari wa tahadhari wa sentimita moja kwa saa ukaondolewa, kwa kuwa wanawake wengi huenda polepole zaidi na huzaa salama. Kwa hiyo nilipigania jambo ambalo nusu yake imepitwa. Bado naamini jicho linahitaji umbo. Umbo gani hasa, tunabishana mpaka leo.

Vifaa navyo vinahitaji nesi wa kuvihoji. Kile kipima oksijeni cha kidole tunachokiamini kama saa: utafiti uliochapishwa Desemba 2020 huko Marekani uliwatazama wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya 92% na 96%. Damu yao ilipopimwa moja kwa moja, 11.7% ya wagonjwa weusi walikuwa chini ya 88%, na kwa weupe ni 3.6%. Wagonjwa wangu karibu wote ni weusi. Kwa hiyo muuguzi akinieleza kwamba kifaa kinasema 94 lakini mtoto anatanua pua na kifua kinabonyea, namsikiliza muuguzi. Kuchagua vifaa, kuvijaribu kwa wagonjwa wetu na kuvikataa ni kazi inayotaka wauguzi, na kila mara nikiingia kwenye kamati za ununuzi naona viti vyetu vichache.

Na teknolojia si skrini tu. Ile plastiki inayowekwa chini ya mama baada ya kujifungua, yenye mfuko uliochorwa mistari ya kupimia damu, haina hata betri. Ilijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, pamoja na tiba zinazotolewa kwa mkupuo mara damu inapozidi, na matokeo ya 2023 yalionyesha madhara makubwa ya kutokwa na damu yamepungua kwa 60%. Anayeifunga, anayeisoma na anayeanza tiba mara nyingi ni mkunga.

Ultrasaundi ya mkononi pia. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki 24, na haiwezekani kwa radiolojia peke yake, kwa hiyo wakunga wanafunzwa. Ninalifurahia jambo hilo, ila lina upande unaonisumbua: mkunga anaona kondo limekaa juu ya mlango wa uzazi, anaandika rufaa, na mama hana pesa za kufika anakopelekwa. Tumemwonyesha hatari na kumwacha nayo.

Mashaka mengine ninayo. Vituoni wauguzi wengi wanaandika mara mbili, kwenye tableti na kwenye rejista za Wizara ya Afya, MOH 405 ya wajawazito na MOH 333 ya uzazi, kisha wanajumlisha yote kwenye ripoti ya MOH 711 mwisho wa mwezi. Nikimwambia muuguzi wa namna hiyo kwamba mfumo unampunguzia kazi, ananitazama, na ana haki. Nimeona pia mama akieleza kilichompata huku sista anatazama skrini. Na lipo lile zito kuliko yote: kila muuguzi hodari anayekuja upande huu ni pengo usiku, nchi yenyewe ikiwa na wauguzi wachache. Sina jibu safi. Mwenyewe nilijiwekea zamu mbili za leba kila mwezi, na mwezi ninaozikosa maamuzi yangu kuhusu mfumo huwa mabaya, naona tofauti.

Ya sheria nayapitia tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, na bado picha za chati zenye majina zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu wa kuamua nani afungue faili la nani, na wakati gani, anapaswa kuwa mtu aliyewahi kushika siri ya mgonjwa mkononi.

Basi binti alikuja kwangu Jumanne jioni, mama yake ameketi pembeni na kikombe cha chai. Nikamwambia asome anachotaka, lakini kwanza akae wadini miaka miwili, mitatu, na asizikimbie zamu za usiku. Mama akatabasamu akidhani nimemuunga mkono. Kisha nikamwekea binti ile chati ya zamani, niliyoifuta majina, yenye zile 40 za usiku, nikamuuliza anaona nini.

Aliikodolea muda. Sikumsaidia.

"Sista," akasema hatimaye, "usiku huo walikuwa wauguzi wangapi?"

Nikamgeukia mama yake, nikamwambia binti yake ni nesi.