Sensa kwenye mota za kiwanda: kweli unahitaji 5G?

Kila nikikaa na meneja wa kiwanda siku hizi swali la kwanza ni "fundi, na sisi 5G tunafunga lini?" Mimi kazi yangu ni matengenezo, mota na pampu hasa, na sasa nafunga sana sensa (siyo ile ya watu na makazi jamani, hivi ni vidude vya kupima mtetemo na joto), kwa hiyo ngoja niseme ninavyoona.

Kiwanda kimoja cha unga, jina niachieni, kulikuwa na mzee anapita kila asubuhi na bisibisi ndefu. Ncha anaigusisha kwenye beringi, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Akikwambia "hii wiki mbili haimalizi" basi haimalizi kweli. Shida mzee ni mmoja, mota ziko zaidi ya 40, na usiku analala.

Sensa ni bisibisi ya yule mzee ila hailali. Unaibana juu ya mota, inasikiliza kila baada ya dakika kadhaa. Mota ya mizunguko 1500 inazunguka mara 25 kwa sekunde, sasa njia ya gololi ndani ya beringi ikianza kuchubuka kila gololi inayopita pale inagonga, na hayo mapigo yana masafa yake (yaani mara ngapi kwa sekunde) ambayo unayapigia hesabu kabisa kutokana na vipimo vya beringi. Kwa mota ya kilowati 30 iliyofungwa kwenye zege imara, mtetemo chini ya milimita 2.8 kwa sekunde kunywa chai, ukipita 4.5 zima mtambo. Tulikuwa na bloa moja (feni kubwa ya kupuliza hewa) iko 1.6, ikaja 2.3, ikaja 3.1, tukaifungua Jumapili uzalishaji umesimama, grisi imekauka imekuwa kama lami na chuma kina vishimo. Ingekatika Jumanne usiku shifti nzima ingekaa chini.

Haya, na mtandao je? Hapo ndo watu wanauziwa vitu. Mtetemo mbichi wa sekunde moja unaweza kufika kilobaiti 50, wakati pakiti ya LoRa (redio ya kutuma data kidogo mbali kwa umeme mdogo) haizidi baiti 255. Lakini sensa nzuri inapiga hesabu humohumo ndani inatuma namba chache tu, kwa hiyo LoRa inatosha, betri inakaa miaka. Sisi kilichotutesa siyo spidi, ni mabati. Geitiwei (kifaa kinachopokea data za sensa) tuliiweka nyuma ya silo, lile tangi kubwa la nafaka, sensa tatu zikawa kimya, tukadhani zimekufa, kumbe silo la chuma limekaa katikati. Tukaipandisha juu zikarudi zote.

5G ina kazi yake, sibishi. Toleo la 16 la viwango vyake, lililokamilika 2020, liliongezewa mambo mahsusi kwa viwanda, na Ujerumani tangu 2019 kiwanda kinaweza kuomba masafa yake chenyewe, megahezi 3700 hadi 3800, kikajenga mtandao wake bila kupitia kampuni ya simu. Hiyo ni kwa vitu vinavyotembea, vile vigari visivyo na dereva vinavyobeba mizigo ndani ya kiwanda, maana kwa Wi-Fi kigari kikihama kutoka antena moja kwenda nyingine kinaweza kupoteza mawasiliano kidogo tu, na kwa usalama wake kinasimama palepale, foleni nyuma. Kamera za kukagua bidhaa nazo zinakula data balaa.

Hapa Tanzania Vodacom waliwasha 5G 2022, ndo maana mameneja wameipata hamu. Wiki iliyopita mmoja kaniomba 5G kwa ajili ya kamera moja inayosoma lebo pale wanapofungasha bidhaa. Kamera haiendi popote, imefungwa kwenye nguzo. Nimemwandikia kwenye kotesheni: kebo ya mtandao, mita 30. Hajajibu bado.