Kabla seli haijafika, protini zimeshatandika

Mwanafunzi mpya akija maabara, mimi humpa sahani mbili za polistirini (plastiki ngumu) na maji kidogo. Kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijaguswa, tone hujikunja kama shanga. Kwenye ya pili, iliyopitishwa kwenye plazma ya oksijeni, hutandaa (plazma hii ni gesi iliyotiwa chaji ya umeme, si ile ya damu). Plastiki ni ileile. Kilichobadilika ni ngozi yake ya juu, unene wa nanomita chache tu, iliyopata atomi za oksijeni zinazovutana na maji. Tukipanda seli, za sahani ya kwanza hubaki mviringo na nyingi hufa. Za pili hujinyoosha, hushika, huanza kugawanyika.

Wengi huhitimisha kwamba seli hupenda uso unaopenda maji. Sikubaliani nao. Uso uliofunikwa polietilini glaikoli, aina ya polima, hupenda maji sana, na seli hazishiki kabisa. Ukweli ni kwamba seli haigusi plastiki. Uso wowote ukilowa damu au majimaji ya kukuzia seli, protini huugandia ndani ya sekunde chache. Seli hufika baadaye, ikakuta mkeka umeshatandikwa. Albumini, protini iliyojaa kwenye damu, ikijaza nafasi, seli haina pa kushika. Fibronektini, protini ambayo seli huishika, ikiwahi, seli inapo pa kushika, ila umbo la protini hiyo lisiwe limevurugika: uso unaochukia maji mno huweza kuibana hadi sehemu ya kushikwa ikafichika. Ndiyo maana kupima wingi wa protini pekee hakunitoshelezi.

Sehemu hiyo ya kushikwa ni ndogo ajabu. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba kiini chake ni mfuatano mfupi wa asidi amino, matofali yanayojenga protini: arginini, glisini, aspatiki. Integrini, mikono ya seli, hushika hapo. Leo tunaweza kuubandika mfuatano huo moja kwa moja juu ya titani au plastiki, bila protini nzima. Lakini nafasi kati ya vishikio ikizidi takriban nanomita 70, integrini hazikusanyiki na mshiko hulegea.

Tatizo linalonisumbua zaidi ni muda. Silikoni (ile ya mpira laini) iliyotibiwa kwa plazma husahau: minyororo yake midogo hupanda juu, na uso huanza kukataa maji tena baada ya saa au siku chache. Wiki mbili za kazi yangu ziliharibika hivyo. Sasa napima tone asubuhi ileile ninayopanda seli.